Mteja anataka kuona barua pepe wakati wa majaribio: usizime zote, chuja

Ukitengeneza mifumo ya wavuti kwa wateja wa hapa Mwanza, ombi hili litakufikia mapema. Mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara haridhiki kuambiwa kwamba ankara imetumwa. Anataka iingie kwenye simu yake, aifungue, aone nembo imekaa sawa. Na hiyo seva ya majaribio imebeba nakala ya kanzidata yenye anwani za wanunuzi wake wa Ulaya. Ukizima barua zote, mhasibu hana cha kujaribu. Ukiziachia, mnunuzi anapokea ankara ya uongo.

Wengi hutawanya sharti la "kama ni majaribio, usitume" kila mahali panapotuma barua. Usifanye hivyo. Mwezi ujao mwenzako ataongeza kikumbusho cha deni, na sharti hilo hatalikumbuka. Weka kizuizi mahali pamoja, pale ambapo kila barua hupita kabla ya kukabidhiwa kwa SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe. Kati ya fremu za kutengenezea wavuti, Rails ina intasepta, yaani msimbo unaoidaka barua kabla haijatoka: unasajili klasi yenye delivering_email, na ukiweka perform_deliveries kuwa false, barua haitoki. Laravel hurusha tukio la MessageSending, na msikilizaji wake akirudisha false utumaji unasimama. Kwenye Django unarithi bakendi ya barua (klasi inayozituma) na kuchuja ndani ya send_messages.

Orodha yako iwe ya wanaoruhusiwa, kamwe isiwe ya wanaozuiwa, ili anwani usiyoijua izuiwe yenyewe. Mimi huruhusu domeni ya timu yetu, pamoja na anwani za wanaojaribu upande wa mteja, kila moja ikiwa imeandikwa kamili. Usiruhusu gmail.com nzima: mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba akiwa na barua pepe, mara nyingi ni ya huko. Tena linganisha domeni yote inayofuata alama ya @. Ukikagua tu kama jina lenu limo ndani yake, utapitisha domeni ya mtu mwingine inayofanana na yenu.

Sasa jambo ninalokusihi ulishike kuliko yote. Barua ina mpokeaji, ina wa nakala (Cc), na ina wa nakala ya siri (Bcc). Kizuizi kinachotazama mpokeaji peke yake kitaona jina la mhasibu, kitafungua njia, na nakala ya siri itakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Chuja makundi yote matatu. Akibaki mmoja anayeruhusiwa, apelekewe yeye tu. Asipobaki mtu, barua isitoke. Andika jaribio la otomatiki kwa hali hii hasa, maana kwa macho hutaiona.

Zilizozuiwa usizitupe. Zielekeze Mailpit, programu ya kunasa barua za majaribio, ambayo kwa kawaida hupokea SMTP kwenye bandari 1025 na kukuonyesha barua kwenye kivinjari kupitia 8025. Inakaa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi inaendelea. Kama barua zinapitia foleni, washa upya mchakato wa foleni kila ukibadili mipangilio. Queue:work ya Laravel, amri inayoendesha foleni, huendelea na msimbo iliouanza nao.

Hata kwa kizuizi kizuri, badilisha anwani halisi kwenye nakala ya kanzidata ziishie na .invalid, domeni iliyotengwa na waraka wa kanuni za intaneti RFC 2606 mwaka 1999 ili isifike popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika nchini Mei 2023, na anwani za wateja ni taarifa binafsi.

Kizuizi hichohicho kina kazi kwenye seva halisi, kwa kanuni nyingine. Anwani iliyorudisha 550, msimbo wa seva kukataa barua, kwa sababu sanduku halipo, acha kuitumia barua. Msimbo unaoanza na 4 ni tatizo la muda, jaribu tena baadaye. Aliyejiondoa kwenye matangazo asiletewe tangazo, ila barua ya kubadili nywila na stakabadhi ya malipo lazima zimfikie. Kwa hiyo kila barua itaje aina yake pale inapoundwa, na kizuizi kisome aina hiyo badala ya kubahatisha kwa kichwa cha habari.