Nameza finasteridi: je, MRI itaiona saratani ya tezi dume?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 63. Ni mwaka wa pili sasa nameza finasteridi ya miligramu 5 kila siku, kwa sababu tezi dume ilikuwa imekua na usiku nilikuwa naamka kukojoa mara nne, tano. Kabla ya dawa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 4.8. Ikashuka hadi 2.2, nikafurahi. Mwezi uliopita imesoma 3.1, na daktari wangu ameniandikia MRI. Rafiki yangu anasema niache dawa kwanza, eti inaficha saratani isionekane kwenye picha. Niache? Na mdogo wangu anameza hiyo hiyo, ya miligramu 1, kwa ajili ya nywele. Naye yanamhusu?

JIBU: Usiache, mzee wangu. Kabla ya picha, tuanze na hiyo 3.1, maana ndiyo inayonisumbua zaidi.

Finasteridi huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa DHT, homoni inayoikuza tezi dume. Tezi ikinyimwa DHT husinyaa, mara nyingi kwa kama robo ya ukubwa wake, ndani ya miezi sita hadi mwaka, na PSA hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo kutoka 4.8 hadi 2.2 haikuwa dalili ya kupona chochote. Ni dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Kwa mtu anayeitumia muda huo wote, namba ya maabara huzidishwa mara mbili: 3.1 yako isome kama 6.2. Na lililo zito zaidi ni kwamba PSA ikishatulia chini na dawa bado inamezwa, haitakiwi kuanza kupanda tena. Yako imepanda. Huenda ni maambukizi, huenda ulikuwa unaruka vidonge (jiulize kwa ukweli), huenda ni saratani. Daktari wako amefanya vyema kutoridhika kwa kuwa namba inaonekana ndogo.

Sasa picha. Sehemu ya pembeni ya tezi, ambako saratani nyingi huanzia, imejaa vijifereji vyenye majimaji, na kwenye MRI majimaji hayo hung'aa. Saratani ni seli zilizobanana, hivyo hutokea kama doa jeusi. Picha nyingine hupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama: penye seli zilizobanana, maji hukwama. Finasteridi na ndugu yake dutasteridi husinyaza vijifereji vile, ule weupe ukafifia. Doa la wino kwenye shuka jeupe utaliona ukiwa mlangoni. Kwenye shuka la kijivu itabidi uinamie. Doa lenyewe nalo linaweza kupungua. Hilo limeonekana kwa wanaume wenye saratani ndogo iliyokuwa ikifuatiliwa tu, walipopewa dutasteridi.

Kwa hiyo rafiki yako hakutunga, ila ametia chumvi. Kufifia si kutoweka, na saratani kali, ile tunayoitafuta hasa, kwa kawaida bado huonekana. Hata PSA yenyewe, ikisomwa na mtu anayejua dawa ipo, haiharibiki: utafiti mkubwa wa finasteridi ulioanza Marekani mwaka 1993, wenye wanaume zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba kwa waliomeza dawa PSA ilizinasa saratani vizuri zaidi kuliko kwa wasiomeza.

Na ukiacha leo, kesho tezi haitarudi ilivyokuwa. Inachukua miezi. Muda huo wote PSA iliyokwisha kupanda itakuwa inasubiri, na tezi ikikua tena mkojo unaweza kuziba ukajikuta umewekewa mpira. Sioni faida.

Tatizo ninalokutana nalo mimi kwenye chumba cha picha ni watu kutosema. Siku moja nililetewa fomu imeandikwa "PSA 3, chunguza tezi dume", basi. Sehemu ya dawa ilikuwa tupu. Picha zikaonyesha tezi ndogo kuliko nilivyotarajia kwa umri ule, pembeni kumefifia kote. Nikamfuata mgonjwa alikokuwa anavaa viatu, nikamuuliza dawa anazotumia. "Hizi za mkojo tu," akatoa kwenye mfuko wa shati vidonge vya dutasteridi, alivyokuwa akimeza kwa mwaka wa tatu. Nilirudi kwenye kompyuta kuzisoma upya.

Hesabu zenyewe hubadilika. Tunagawanya PSA kwa ujazo wa tezi, na jibu likifika 0.15 mashaka huongezeka. Tuseme yako itakutwa na mililita 40. Nisipojua dawa: 3.1 kwa 40, ni 0.08, nitatulia. Nikijua: 6.2 kwa 40, ni 0.155, nitakaza macho. Ila hata hiyo inakuonea kidogo, kwa sababu tezi nayo imesinyaa. Pengine ilikuwa 53, na 6.2 kwa 53 ni 0.12. Ndiyo maana nataka kwenye fomu jina la dawa, dozi, tarehe uliyoanza, na PSA zako zote kwa mpangilio. Picha ya zamani kama ipo, njoo nayo.

Dawa nyingine kwa kifupi. Tamsulosini hulegeza njia ya mkojo tu, haigusi PSA wala picha. Sindano za kushusha homoni za kiume hufifisha saratani kuliko finasteridi, hivyo MRI ya kutafuta ugonjwa ifanywe kabla ya kuanza. BCG inayowekwa kwenye kibofu kutibu saratani ya kibofu hufanya kinyume: huweza kuacha uvimbe ndani ya tezi dume unaofanana na saratani kabisa, nimewahi kuupa alama 5 kati ya 5 za mashaka, kinyama kilichochukuliwa kupimwa maabara kikarudi hakina saratani. Dawa za kuzuia damu kuganda haziharibu MRI, ila zitaje kabla ya kuchukuliwa kinyama. Na dawa za asili zitaje pia. Mchanganyiko mmoja wa mitishamba, PC-SPES, uliondolewa sokoni Marekani mwaka 2002 baada ya kukutwa na homoni na dawa za hospitali ndani yake.

Mdogo wako yanamhusu. Miligramu 1 nayo hushusha PSA, kwa kiasi kinachokaribia kile kile. Wengi hawaihesabu kama dawa kwa sababu ni ya nywele, na akiulizwa hospitali atajibu hatumii chochote.