JIBU: Kapsuli za chai ya kijani kwa tumbo tupu? Weka hiyo chupa chini

Dada, ngoja kwanza. Umeuliza kapsuli zinapatikana wapi mjini, umeze ngapi kabla ya kiamshakinywa ili tumbo liishe kabla ya harusi ya Desemba, na kama chai ya zambarau inafanya kazi haraka zaidi. Mimi nimekwama hapo kwa "kabla ya kiamshakinywa".

Aliyeniuzia mimi hizo kapsuli ni jamaa wa kibanda fulani hapo mjini, koti jeupe, kalamu mfukoni, ungedhani ametoka kupasua mtu. "Boss, ni majani tu. Majani yatakudhuru na nini? Meza ukiwa na njaa ndiyo yachome mafuta." Nami, kwa bidii ambayo mkubwa wangu kazini hajawahi kuiona, nikameza. Mkojo ukakolea, nikalaumu jua. Usiku najikuna. Nyama choma ikaninukia vibaya, na hata hapo sikushtuka! Aliyenishtua ni makanga: "Mzee, macho yako ni manjano kuliko laini ya hii gari." Abiria wakacheka, nami nikacheka, wueh.

Hospitalini enzaimu za ini zilikuwa juu, yaani ini linaumia. Daktari akauliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna. Si ni majani tu?

Sikiza. Hizo fenoli, kemikali za mimea zinazosifiwa kwenye chai ya kijani kwamba zinalinda seli, ni katekini, na kubwa lao ni EGCG. Kwenye kikombe zinakuja kidogo kidogo. Kwenye kapsuli zimekamuliwa zikashindiliwa, na ukizimeza na njaa, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupita mara tatu ya kile cha mtu aliyekula. Zikizidi, hizo hizo za kulinda seli zinaanza kuumiza seli za ini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye virutubisho hupandisha enzaimu za ini. Ufaransa na Hispania ziliiondoa Exolise, kapsuli ya chai ya kijani ya kupunguza uzito, sokoni tangu 2003. Daktari wa kibanda hakuwa na habari, au alikuwa nazo, sijui kipi kibaya zaidi.

Chai ni ya kunywa, si ya kumeza. Pika, mimina, kunywa na mkate.

Na kama umeshaanza, ukaona mkojo umebadilika au mwili unawasha, acha leo hii. Nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi, daktari aisome. Usiseme hutumii dawa.