Muulize Mwalimu: Chaki ya Mlangoni na Siku ya Vitumbua

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina meza ya vitafunwa hapa Makorora, Tanga. Tangu nilipoanza, siku za witiri napika maandazi, siku za shufwa vitumbua. Siku naziandika kwa chaki nyuma ya mlango: kwanza wiki zilizotimia, kisha siku zilizozidi. Siku ya sita niliandika 0 6, nikapika vitumbua. Kesho yake nikaandika 1 0, nikaona sifuri ni shufwa, nikapika vitumbua tena. Wateja wakanung'unika. Mbona tarakimu ya mwisho imenipoteza, na shuleni ndiyo tuliyoambiwa tuitazame?
Mama Vitumbua, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha mno, kwa sababu miaka mingi nimewaambia watoto darasani "tazama tarakimu ya mwisho" bila kuwaeleza kwa nini.

Mlango wako hauhesabu kwa makumi. Unahesabu kwa masaba, yaani kizio cha saba. Hiyo 1 0 yako ni saba moja bila ziada, na saba ni witiri. Katika makumi, kila kumi ni shufwa, kwa hiyo kinachoamua ni ile ziada ya mwishoni tu. Ndivyo ilivyo pia kwa korija, yaani mafungu ya ishirini. Babu yangu alihesabu boriti za mikoko kwa korija. Akisema korija tatu na boriti saba, yaani 67, unatazama ile saba tu, maana ishirini hugawanyika kwa mbili bila kubaki kitu.

Sasa chukua sinia, upange vitumbua saba saba kwa safu. Katika kila safu ondoa viwili viwili. Utaondoa sita, kitabaki kimoja. Safu tatu zitakuachia vitatu. Kwa hiyo vinavyobaki ni idadi ya safu, ukiongeza vile vya ziada visivyotimiza safu. Basi jumlisha wiki na siku! 1 na 0 ni 1, witiri: ilikuwa zamu ya maandazi. Siku ya 12 ni 1 5. Tarakimu ya mwisho ni witiri, lakini 1 na 5 ni 6, shufwa, na 12 ni shufwa kweli.

Wiki zikifika saba, mwenye kufuata kizio cha saba ataandika 1 0 0, ambayo ni siku ya 49. Kanuni haibadiliki, kwani 49 ni 48 na moja. Na kwa kuwa ile sita uliyoiondoa hugawanyika kwa tatu pia, jumla hiyo hiyo inakuonyesha kama siku zinagawanyika kwa tatu: 2 4 ni siku ya 18, na jumla yake ni 6. Katika makumi kazi hii hufanywa na tisa, maana kumi ni tisa na moja. Jaribu 738: jumla ya tarakimu zake ni 18, na 738 yenyewe ni tisa mara 82.

Najua mchele wa vitumbua lazima ulale kwenye maji, kwa hiyo hesabu yako ni ya jioni, si ya alfajiri. Ikiwa kesho mlango utasomeka 5 1, usiitazame hiyo 1. Tano na moja ni sita. Loweka mchele.