Usikate waya wa ditekta inayolia bila moto: tafuta kinachoingia ndani yake

Ndugu yangu, umeeleza kwamba nyumba yako ya wageni ya ghorofa tatu, hapo Kirumba upande wa ziwani, ilifungwa mfumo wa kengele ya moto miaka minne iliyopita. Kwamba tangu mvua za vuli zianze kengele hulia usiku wa manane pasipo moto wala moshi. Na kwamba fundi aliyekuja amekushauri akate waya wa ghorofa ya juu ili wageni wapate kulala. Nakuomba usikubali. Nimefanya kazi ya kufunga na kuhudumia mifumo hii hapa Mwanza kwa miaka 16, na sijaona ushauri wa hatari kama huo ukitolewa kwa wepesi namna hiyo. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau moto wa bweni uliotokea Septemba 2020 wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ukaua wanafunzi 10. Aliyelala hasikii harufu ya moshi. Anaamshwa na kengele au haamki kabisa.

Kwanza uelewe kinacholia. Ditekta ni kile kifaa cha darini kinachohisi moshi, na nyingi zinazofungwa siku hizi zina chumba kidogo cheusi ndani, chenye taa ya mwanga usioonekana na jicho la kupokea mwanga, ila viwili hivyo havitazamani. Hewa ikiwa safi, jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembechembe zake hutawanya mwanga ule, sehemu yake ikalifikia jicho, na hapo ditekta huvuta umeme zaidi kutoka kwenye paneli, yaani boksi kuu linaloongoza mfumo, ambayo huwasha ving'ora. Jicho hilo halitofautishi chembe za moshi na vumbi la saruji, mvuke wa maji ya moto, utando wa buibui au bawa la mdudu. Hivyo ditekta inayolia bila moto mara nyingi si mbovu. Inakueleza ukweli kwamba kuna kitu kimeingia ndani.

Na kwetu huku kitu hicho mara nyingi hutoka ziwani. Unawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kwa wingi mpaka kwa mbali unadhani ni moshi wa mkaa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye jengo moja la Capri Point lenye tatizo kama lako hasa. Mafundi wawili walikuwa wamekwishabadilisha ditekta za korido ya juu, na bado kengele ililia. Bahati njema mlinzi wa pale alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na katika daftari lake la zamu nilikuta tarehe za kila mlio kwa miezi mitano. Nilipozilinganisha na kalenda, karibu zote ziliangukia siku za kuandama kwa mwezi, wakati ambao wadudu hao hutoka majini kwa wingi zaidi. Nikaishusha ditekta ya mwisho wa korido, nikaikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Yalianguka mabawa, makumi kwa makumi, membamba kama majivu ya karatasi.

Swali likabaki moja: waliingiaje, ilhali wavu wa pembeni wa ditekta ulikuwa mzima? Nilipotazama kitako chake nikaona tundu la bomba la waya likiwa wazi, na ukiweka kidole unahisi hewa ikitoka. Fundi wa awali alikuwa amepitisha waya wa kengele ndani ya bomba lilelile linalokwenda kwenye taa ya barazani. Taa iliwavuta wadudu, wakaingia kwenye boksi lake lisilo na mfuniko mzuri, wakapanda na hewa mpaka nyuma ya ditekta. Tuliziba tundu kwa silikoni, tukaupa waya wa kengele bomba lake peke yake kama inavyopaswa, maana waya wa volti 24 hautakiwi kulala pamoja na wa volti 230, na taa ya barazani ikahamishiwa mbali na madirisha. Sijaitwa tena pale kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni usafi. Weka paneli katika hali ya kutolia, uwaarifu wageni na mlinzi, kisha zungusha kichwa cha ditekta kitoke kwenye kitako. Tumia brashi laini kavu na mashine ya kunyonya vumbi kwa nguvu ndogo. Usitumie kitambaa chenye maji wala sabuni, na usiruhusu mpaka rangi apitishe brashi juu yake, kwa kuwa rangi ikiziba matundu ya pembeni ditekta haitapata moshi hata jengo likiungua. Ukikuta ditekta ya zamani yenye alama ya mionzi, usiifungue hata kidogo. Aina hiyo hutumia amerisiamu, elementi inayotoa mionzi. Ditekta ambayo imesafishwa vizuri na bado inalia, au imefikisha miaka 10, ibadilishwe tu.

Angalia pia mahali zilipofungwa. Ditekta ya moshi iliyowekwa juu ya mlango wa bafu la maji ya moto, au jikoni mnapokaanga sato, italia kila siku na utaizoea vibaya. Jikoni panataka ditekta ya joto, ambayo kwa kawaida hustuka joto linapokaribia nyuzi 60. Viwango vya Uingereza vya BS 5839, ambavyo mafundi wengi hapa tunavifuata, vinataka pasiwe na sehemu ya dari iliyo mbali zaidi ya mita 7.5 kutoka kwenye ditekta ya moshi, nayo ikae angalau nusu mita kutoka ukutani na walau mita moja kutoka mdomo wa kiyoyozi. Hewa ya kiyoyozi huweza kuusukuma moshi usiifikie kabisa.

Sasa nirudi kwenye ushauri wa kukata waya, kwa sababu huenda hujaelezwa atakachofanya huyo fundi. Katika mfumo wa kawaida, waya wa zoni, yaani wa kundi la ditekta za sehemu moja ya jengo, hutoka kwenye paneli, huingia na kutoka katika kila ditekta bila kuchepusha tawi pembeni, na mwishoni kabisa huwekwa rezista, kipande kidogo kinachozuia umeme usipite mwingi. Paneli hupitisha umeme kidogo sana ambao unarudi kupitia rezista hiyo. Waya ukikatika popote, au kichwa cha ditekta kikitolewa, umeme huo unakoma na paneli inawasha taa ya njano ya hitilafu. Fundi akikata waya, taa ya njano itawaka na mlio mdogo wa paneli utawasumbua. Ili kuunyamazisha, atachukua rezista na kuifunga palepale kwenye paneli, na paneli itadhani zoni nzima ni salama.

Nimelikuta jambo hilo kwa macho yangu katika hosteli moja ya wanafunzi. Paneli ilikuwa na taa ya kijani, safi, na msimamizi alinihakikishia kwamba mfumo haujawahi kusumbua. Nilipanda ghorofa ya 3, nikatoa kichwa cha ditekta, nikashuka: taa ya kijani tu. Nikatoa cha pili na cha tatu, na paneli ikanyamaza vilevile. Nilipofungua mfuniko nikaona rezista ya kilo-omu 4.7 imefungwa moja kwa moja kwenye vituo vya zoni ya 3, na waya wa kwenda juu umekunjwa na kusukumwa pembeni ukiwa na gundi ya umeme. Zaidi ya vitanda 40 vilikuwa chini ya ditekta zisizounganishwa na chochote. Tangu siku hiyo, jengo lolote ninaloingia naanza kwa kutoa kichwa kimoja katika kila zoni na kusubiri hitilafu itokee. Jaribio hilo linakuchukua dakika chache, na unaweza kulifanya mwenyewe leo hii.

Jaribio la pili ni la moshi wenyewe. Kitufe cha kujaribu au sumaku huonyesha kwamba umeme na king'ora vinafanya kazi, lakini hakionyeshi kama moshi unaweza kuingia. Tumia moshi wa kopo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Usichome karatasi wala dawa ya mbu chini ya ditekta, kwani masizi na mafuta yake hubaki ndani na kukuletea milio mingine. King'ora kikilia, ingia chumba cha mbali zaidi, funga mlango, usikilize ukiwa kitandani. Kiwango ni desibeli 75 (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale kwenye mto wa kitanda anapolaza mtu kichwa.

La tatu ni betri, na hapa majengo mengi ya Mwanza huanguka. Paneli ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kufikisha 24, nazo zinatakiwa kuubeba mfumo kwa saa 24 bila umeme kisha ziendeshe ving'ora kwa nusu saa. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa inachajiwa, lakini ikipewa mzigo huporomoka. Zima breka ya paneli asubuhi, uache mfumo kwenye betri mpaka kesho yake, kisha piga ving'ora huku mita ikiwa kwenye vituo vya betri. Kwa joto letu, za miaka minne kama zako ningezibadilisha bila kungoja.

Ukimaliza, fungua daftari: kila wiki bonyeza kibonyezo kimoja cha dharura, kila wiki kingine, kila miezi sita fundi aje, na ndani ya mwaka kila ditekta iwe imepigwa moshi. Daftari hilo litakusaidia hata Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watakapokuja kukagua, na uwaandikie wafanyakazi namba 114 kando ya paneli.

Utakapoishusha ile ditekta ya ghorofa ya juu, itazame nyuma kwanza, kwenye tundu la bomba, na uikung'ute juu ya karatasi nyeupe kabla hujaipitishia brashi. Ukikuta mabawa, piga picha uiweke hapa pamoja na tarehe za milio mnazozikumbuka, tuzilinganishe na mwezi.