Barua kwa mwanangu: yale matubwitubwi ya Muheza

Mwanangu, baba,

Marahaba. Meseji yako niliisoma juzi usiku na najua umeona tiki za bluu ukawa unasubiri, nisamehe. Nilianza kurekodi voisi nikafuta, nikarekodi tena nikafuta, dada'ako yuko hapa wiki hii na masikio yake unayajua, bora niandike.

Umeuliza kitu kidogo tu. Daktari kakuambia testosteroni yako, ile homoni ya kiume, iko chini, anafikiria kukuanzishia sindano, na kabla hajaamua kauliza kama uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa umeshabalehe na kama yalishuka kwenye korodani. Wewe unakumbuka mashavu, mwaka huukumbuki, unataka nikupe mwaka ukamwambie. Mwaka ni 2004, likizo ya mwezi wa sita, ulikuwa kidato cha pili, miaka 15. Na ndio, yalishuka, kulia kwanza, kushoto ikafuata baada ya siku mbili. Ndo jibu lenyewe hilo, ningeweza kuishia hapa nikarudi kwenye mchicha wangu.

Ila huyo daktari nimempenda. Miaka 31 nimevaa gauni jeupe nasema hilo hilo, chukua historia kwanza, kabla ya kidole kwenye mshipa, kabla ya mashine, chukua historia kwanza. Mnanichekaga, najua mnavyoniigiza, baba'ako akikohoa tu mnasema kwa sauti yangu "tangu lini, makohozi rangi gani". Chekeni. Lakini ndo maana hii barua inaniwia nzito, kwasababu historia yako wewe niliitoa ya uongo, mimi mwenyewe, nesi mzima, mbele ya daktari.

Unakumbuka tulivyokuwa. Baba'ako yuko njia ya Tunduma na lile lori, mimi nimekupeleka kwa bibi Muheza ukale machungwa na upumzike na shule. Ulipofika tu siku ya pili mashavu yakaja juu kama umeweka maandazi mawili mdomoni. Na ilikuwa msimu! Machungwa yameiva mpaka yanaanguka yenyewe na wewe ukilamba tu tone unashika taya unalia, maana uchachu na yale mafindo havipatani hata kidogo. Bibi akanipigia kwa simu ya yule jirani wa duka, nikaomba ruhusa siku tatu nikaja.

Nilipofika nikakuta umeshapakwa masizi ya chungu, huku na huku. Bibi kasimama mlangoni na mzigo wa kuni ameufunga kwa kamba ya mgomba, anasema kesho alfajiri mtoto anapelekwa mbuyuni. Sasa wewe mwanaume wa kidato cha pili, ndevu tatu kidevuni, ubebe kuni kichwani uzunguke mti ukiimba kuyaambia matubwitubwi yabaki hapo, alafu utupe mzigo ukimbie bila kugeuka nyuma. Uliniangalia mimi nikuokoe. Mimi nikaangalia chini. Mama mkwe yule ungembishia wewe? Mungu amrehemu, aliwahi kumfukuza diwani uani kwake kwa ufagio.

Naomba niseme ukweli, mpaka leo nikikumbuka ile asubuhi nacheka peke yangu. Wale mabinti wa jirani walikuwa wameamka mapema kuliko siku zote, wamejipanga kwenye michongoma, na wewe unaimba kwa sauti ya chini kama unasoma meseji ya benki, bibi anapiga kelele "imba kiume!" Ukazunguka, ukatupa, ukakimbia. Na ukageuka.

Bibi mpaka anaingia kaburini alishikilia hilo. Kila nikilalamika yalishuka, yeye anajibu "si aligeuka?" Alafu anaendelea kupepeta mchele wake. Kitu ambacho hakukijua, na wewe nadhani hukijui, ni kwamba uligeuka kwasababu mimi nilikuita. Kandambili yako moja ilibaki mtini, nikaogopa utachomwa na mwiba, nikaita jina lako. Kwaiyo hata kwa hesabu ya bibi kosa ni langu. Najua mti hauna kazi na ugonjwa, sijafikia huko. Lakini nakwambia tu.

Yalivyoshuka ukaficha. Siku mbili umejifunika shuka unasema kichwa, homa ipo, natoa panadol, nawaza malaria. Nikakujua kwa mwendo ulipoenda chooni, mtoto wa kiume akitembea vile mama anajua. Hapo ndo ningekubeba nikukimbize mjini. Sikukubeba. Bibi akasema kuna majani yake ya kukanda, tujaribu siku moja, nikakubali siku moja zikawa mbili. Siku ya nne nikapanda na wewe daladala ya Tanga, umekaa upande upande, umekunjiwa kanga yangu mapajani.

Daktari akauliza, imeanza lini? Pembeni wamesimama wenzangu wawili wa wodi, mmoja namfundisha mimi mwenyewe kazi, na nyuma ya sikio lako bado kuna masizi. Nikasema jana. Akaandika jana. Akauliza kuna dawa yoyote imetumika, nikasema hapana. Ulikuwa umelala pale unasikia kila kitu, ukanitazama, hukusema neno. Na baba'ako aliporudi nikamwambia ulikuwa na malaria kali, mpaka leo anajua malaria. Kwaiyo kama utamuuliza yeye kuhakikisha, ndo hivyo.

Nimejibishana na nafsi yangu miaka mingi juu ya zile siku nne. Matubwitubwi ni kirusi, hayana dawa ya kuyaua, wala hapakuwa na sindano ningekunyima. Siku ya kwanza wangekupa kilekile ulichopewa siku ya nne, kulala, barafu kwenye kitambaa, panadol, na nguo ya kushikilia isining'inie. Chanjo yake kwenye ratiba yetu haikuwepo na hata leo haimo, watoto wanachomwa surua na rubella tangu 2014, matubwitubwi hakuna. Hayo yote nimewafundisha wanafunzi kwa mdomo wangu. Tena wanaume wengi yakishawashuka wanapona na wanazaa, hata kama korodani (nasema korodani, mimi ni nesi, usione aibu) imesinyaa kidogo, ile nyingine inabeba. Wewe ulivimba zote mbili, ndo naliwaza hilo. Mchana nikiwa na akili ya kazi najisamehe kabisa. Usiku saa nane ile akili inalala, inaamka ya mama.

Sasa hiyo homoni. Hujaniuliza kuhusu sindano, umeuliza mwaka tu, nimeona. Ila nisiposema nitapasuka.

Kwanza ulisema ulipita maabara ukitoka kazini. Jioni! Na wiki mbili kabla ulikuwa umelazwa na malaria, ya kweli hiyo. Baba, testosteroni huwa juu asubuhi inashuka kadri siku inavyokwenda, kwaiyo inapimwa kabla ya saa nne, tumbo tupu, na ikitoka chini inarudiwa siku nyingine ndo iaminike. Mtu aliyetoka kuumwa yenyewe inashuka, asiyelala inashuka. Kipimo kimoja cha saa kumi na moja jioni mimi nisingekiandikia hata vitamini. Alafu aombe na zile mbili za amri ya ubongo, LH na FSH. Ubongo ndo unaamrisha korodani zifanye kazi. Amri zikiwa juu sana na homoni iko chini, maana yake ubongo unapiga kelele na huku chini hakuitikiki, hapo ndo ya Muheza inaingia. Amri zenyewe zikiwa chini, tatizo liko huko juu kichwani au mwilini kwa ujumla, na hapo kuna dawa nyingine za kuziamsha korodani zifanye kazi yake bila kukuongezea homoni kutoka nje. Na sukari pima. Upande wa baba'ako sukari mnaijua, na tangu uhamie ofisini kitambi kimekutangulia, vyote viwili vinaishusha hiyo homoni. Unaona? Chukua historia kwanza.

Sindano yenyewe siipingi. Nimeona wanaume wamerudi, mtu alikuwa halali hacheki, mifupa imeanza kulegea, amechomwa kila wiki mbili tatu akawa mtu. Wanafuatilia damu isije ikawa nzito, ile hematokriti, yaani kiasi cha chembe nyekundu kwenye damu, ikipita 54 kwa mia wanasimamisha kwanza, na ukishafika 40 wanaangalia na tezi dume. Hayo daktari anayajua, simfundishi.

Ila kuna jambo moja watu hawalijui, wanadhani ukiongezewa homoni ya kiume ndo utazaa zaidi. Ni kinyume. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kuamrisha, korodani zisipoamrishwa zinalala, na mbegu zinapungua mpaka kwa wengine zinaisha kabisa. Ukiacha sindano kwa wengi zinarudi, ila kwa miezi, na wengine mwaka na zaidi. Kwaiyo anayetaka mtoto anasema mapema, kabla ya sindano ya kwanza, apimwe mbegu kwanza ajue ana nini mkononi.

Sijauliza kitu. Mwaka wa pili huu mmeoana na sijauliza hata siku moja, mkeo shahidi, Idi ile shangazi zako walipoanza mimi ndo niliyeingia jikoni kukaanga sambusa ambazo hata hazikuhitajika. Nasema tu anayetaka.

Na usije ukaona uvivu wa kurudia vipimo ukapitia Kariakoo kununua vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, kwenye kikaratasi. Supu ya pweza kunywa, ni tamu, lakini kunywa kama supu. Yale mavumbi hayajaandikwa ndani kuna nini wala kiasi gani, nimepokea wodini mtu wa miaka yako moyo unakwenda mbio kama cherehani kwa vitu hivyo, na alipoulizwa ametumia nini akasema hapana. Kama mimi. Watu wote wanasema hapana.

Ungeniuliza ningefanyaje ningekuwa wewe, lakini hujaniuliza, na wewe ni mtu mzima una mke wako wa kushauriana naye, kwaiyo sisemi. Mwili ni wako. Labda huo uchovu umeshakushinda huwezi kusubiri, mimi sijui unaamka vipi, hayo mengine hujayaandika na mimi sijayasoma. Siamui. Ningekuwa mimi ningerudia vipimo asubuhi mara mbili na mbegu zihesabiwe ndo niongee habari ya sindano, ila siamui.

Mwambie daktari hivi, andika: matubwitubwi, miaka 15, pande zote mbili, homa siku tano, alipelekwa hospitali siku ya nne. Ya nne, sio ya kwanza. Hata kama haimsaidii kitu, mwambie ya nne. Ya majani na mbuyu ukitaka mwambie, ukiona aibu acha, atacheka tu.

Baba'ako nitamwambia mwenyewe. Sio wiki hii, mgongo unamsumbua na akikasirika hali chakula. Nitamwambia.

Jumatatu kapime mapema, usinywe chai. Ukitoka nipigie mimi kwenye hii namba, sio ile ya nyumbani anapokea dada'ako. Nimempa dereva wa basi la saa mbili kapu la machungwa, ya shamba la bibi, mkeo asiyaweke yote friji yanapoteza ladha. Na kuna kifuko cheupe juu yake, ni kandambili, nimeziona sokoni nikakuchukulia, namba 43.

Mama'ako