Kijijini naitwa Prof, chuo nimekula sapu mbili

SWALI: Anti habari za kazi. Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Dar, fomu siksi nilitoka na wani ya pointi 5, nikawa wa kwanza shuleni, kijijini hadi leo wananiita Prof. Semista ya kwanza nimekula sapu mbili, yaani masomo mawili nimefeli, mitihani narudia. Toka matokeo yatoke grupu la darasa sijafungua, disikasheni siendi naogopa nikiuliza wataona sijui kitu, usiku nashtuka saa tisa moyo unaenda mbio, mchana nalala tu. Mama akipiga namwambia GPA iko fresh. Nahisi ile wani nilibahatisha. Wiki ya tatu sasa, ndo uchizi unaanza hivi?
Prof wa mchongo, Dar

JIBU: Mdogo wangu Prof, pole sana. Chizi hujawa, ila umebanwa na nitakwambia na nini. Hilo darasa lako karibu kila mtu alikuwa Prof wa kwao, sasa mkishakusanywa maprof mia mbili kwenye ukumbi mmoja lazima kuna atakayeshika mkia, na wewe toka mdogo ulizoea kujipima kwa namba tu, namba ikishuka unaona wewe mzima ndo umeshuka. Wani hubahatishi bwana, mitihani mingapi ile.

Kinachokumaliza zaidi ni kujificha. Ukikwepa disikasheni unapata nafuu ya jioni moja, ila kichwa kinajifunza kwamba disikasheni ni simba, kesho yake unaogopa mara mbili. Mchana ukilala, usiku usingizi utautoa wapi? Na mama naye, kila akipiga ni kama yuii nyingine hiyo, ule mtihani wa mwisho wa semista, unakaa unakumbuka mara ya mwisho ulimdanganya nini. (Mimi sapu yangu nilimficha baba miezi minne, akaja kuambiwa na binamu yangu, tena msibani, mbele za watu. Usifike huko.)

Sasa hizo wiki tatu usizichukulie poa. Sonona madaktari wanaanza kuihesabu ikishafika wiki mbili, siku nyingi huna raha, usingizi umevurugika, vitu ulivyopenda hauvitaki tena, siwezi kukupima kwa barua lakini ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu nenda wiki hii, waambie unataka kuongea na mnasihi. Najua watu wakisikia daktari wa akili wanawaza hospitali ya Mirembe tu, wakati kwa umri wenu ndo haya mambo huanza, zaidi ya nusu ya magonjwa ya akili huwa yameshajitokeza kabla mtu hajafika 25. Na ukianza kuwaza bora nisingekuwepo, hapo hakuna kusubiri ofisi ifunguliwe, mwamshe rumeti akupeleke hospitali usiku huo huo.

Disikasheni rudi na swali moja tu, liandike kabisa kabla hujatoka, ukiuliza hilo umemaliza kazi ya siku. Mama mtumie voisi leo: mama nimeshikwa masomo mawili, nitarudia. Atanuna siku mbili. Halafu hilo grupu la darasa lifungue, ratiba ya sapu huwa wanaitupia humo humo.