Unakesha na daftari, mtihani ukifika akili tupu? Jibu langu

Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, umeuliza kwa nini unasoma mpaka saa nane usiku na bado kati (CAT, jaribio la katikati ya muhula) ikifika unabaki kutoa macho. Ukauliza pia kama muguka, yale majani ya jamii ya miraa wanayotafuna wenzako ili wakeshe, unasaidia. Hilo nitalijibu mwisho.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilisomea uuguzi hapa Mombasa, nikikaa kwa mamangu Likoni, na mwaka wa kwanza nikaanguka anatomia. Si kwamba sikusoma. Daftari langu lilipakwa manjano na waridi mpaka likawa kama leso ya harusi, na kila ukurasa niliupitia mara nne, mara tano. Siku ya mtihani tukaambiwa tuchore moyo na njia ya damu. Wallahi ule ukurasa niliuona: uko upande wa kushoto, chini una doa la chai. Maandishi yenyewe ndiyo hayakuja.

Aliyenizindua ni mjomba, tena kwa kejeli: "Juzuu Amma, juzuu zima la mwisho la Kurani, uliihifadhi ukiwa na miaka tisa, leo moyo mmoja wakushinda?"

Nikakaa nikakumbuka tulivyosomeshwa chuoni, yaani chuo cha Kurani. Maalim hakuwa akikuacha uutazame msahafu mchana kutwa. Anakupa aya chache, unazirudia kwa sauti, kisha anafunga: haya, toa. Ukikwama anakuacha uhangaike kwanza, ndipo akutajie neno moja tu. Kesho yake hupewi mpya mpaka utoe ya jana, na mwisho wa wiki ni murajaa, yaani kuyarudia yote. Sura 37 ziliingia kichwani kwa mtindo huo, na hakuna aliyepiga mstari wa rangi hata mmoja. Huku kwenye uuguzi mimi nilikuwa naingiza tu, sitoi.

Baadaye nikakuta wataalamu walishalipima jambo hili. Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana: kusahau huja kwa kasi mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia kwa mkupuo. Mwaka 2006, huko Marekani, Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliowaacha wenzao. Hizo dakika 5 ndizo zinazotudanganya sote: unafunga daftari ukijiona umeiva.

Sasa nilivyofanya. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, ila kusubiri kwake unakujua. Nikawa nabeba karatasi tupu na kalamu, daftari liko ndani ya mkoba, halitoki. Nachora: damu inaingia kwa vena kava, atria ya kulia, ventrikali ya kulia, inakwenda mapafuni, inarudi atria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, inatoka kwa aota. Mara ya kwanza valvu, vile vilango vya moyo, nilizibadilisha, maitro nikaiweka kulia na trikaspidi kushoto. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu akachungulia, akauliza kama nachora embe. Tukishuka ng'ambo ndipo natoa daftari, nasahihisha kwa wino mwekundu pale nilipokosea tu. Jioni nikirudi, karatasi nyingine. Nikaruka siku tatu, nikachora tena. Kisha baada ya wiki, kisha wiki mbili. Valvu hizo sijazichanganya tena hadi leo, na mtihani wa marudio nilipita.

Kama wewe ni wa hesabu au uhasibu, usijidanganye kwa kusoma swali lililokwisha kufanywa huku unatikisa kichwa. Funika jibu, fanya mwenyewe, ukwame. Karatasi za mitihani iliyopita zianze wiki ya tatu ya muhula, usingoje wiki ya mwisho.

Wakati wa kusoma: baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachoma mabati. Mchana wa Februari hapa Pwani, umeshiba wali wa nazi na feni inazunguka joto lile lile, hata ukijifunga kwenye kiti utalala. Simu mpe mamako. Kikundi kisizidi wanne, na kila mmoja afundishe mada moja bila kushika karatasi. Wakizidi hapo panakuwa baraza, mnaishia kujadili mpira na nani kaposwa wapi.

Haya, muguka. Niliutafuna msimu mmoja wa mitihani, sikufichi. Macho yanabaki wazi, hilo ni kweli. Lakini usingizi ndio muda ambao kichwa kinapanga ulichosoma mchana, na mimi nilikuwa naukata. Usiku mmoja nilisoma figo mpaka saa kumi, nikajiona profesa mzima. Asubuhi nikafungua daftari nikakuta kurasa kumi na mbili zina mistari ya manjano, mwandiko wa pembeni ni wangu, na sikumbuki kuandika hata neno moja.